Madarasa mawili, mlango mmoja: Shule zetu na Januari 2028

Januari 2028 shule za sekondari za Tanzania Bara zitapokea kidato cha kwanza kutoka madarasa mawili kwa mpigo. Watakaomaliza darasa la saba mwaka 2027 watakuwa wa mwisho kusoma miaka saba ya shule ya msingi. Watakaomaliza darasa la sita mwaka huohuo watakuwa wa kwanza kusoma miaka sita, kama inavyoelekeza Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua jijini Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025. Kaka na mdogo wake watashonewa sare mpya wiki moja na kupanga foleni mbele ya ofisi moja ya mkuu wa shule.

Hesabu miaka nyuma uwatambue hao wakubwa ni akina nani. Anayemaliza la saba mwaka 2027 aliingia la kwanza Januari 2021, kwa hiyo mwaka 2020 alikuwa darasa la awali. Ndio kwanza alikuwa anajifunza kushika penseli wakati mgonjwa wa kwanza wa corona alipotangazwa nchini, Machi 16, 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza shule zifungwe kwa siku 30. Siku 30 zikapita, shule zikabaki zimefungwa, mpaka miezi mitatu na zaidi ikaisha.

Kidato cha sita na vyuo walirejea Juni 1, 2020. Wengine wote walirejea Juni 29. Tukijilinganisha na majirani, muda wetu ulikuwa mfupi. Kenya iliwarudisha wanafunzi wa madarasa matatu tu Oktoba 2020 na waliobaki Januari 4, 2021, ikabana mihula kwa miaka miwili mizima kabla kalenda yake haijakaa sawa Januari 2023. Uganda ndiyo iliyoumia kuliko wote: shule zake hazikufunguka kikamilifu mpaka Januari 10, 2022.

Kwa sababu muda wetu ulikuwa mfupi, tuliusahau haraka. Nje ya madarasa vilisimikwa vibuyu chirizi na ndoo za maji ya kunawa, ratiba zikabanwa, na mtihani wa darasa la saba ambao kwa kawaida hufanyika Septemba ukasogezwa hadi Oktoba. Kisha maisha yakaendelea. Mchakamchaka wa alfajiri ukarudi, paredi ya asubuhi ikarudi, mwalimu wa zamu akarudi na filimbi yake, uji wa saa nne ukarudi kwenye shule zilizokuwa nao. Mwaka 2021 michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA ikarejea, safari hiyo Mtwara, na watoto wa mikoa mbalimbali wakakutana tena uwanjani. Anayejua shule anajua kwamba hayo ndiyo maisha yake hasa. Mtoto hujifunza kusoma darasani, lakini hujifunza kuishi na watu kwenye foleni ya uji, kwenye zamu ya kufagia uwanja na kwenye timu ya darasa lake.

Vipindi vya redio na televisheni vilivyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania vilisaidia palipokuwa na redio, umeme na mtu mzima wa kukaa na mtoto. Mtoto wa awali hakuhesabika sana katika mipango hiyo. Macho yote yalikuwa kwa kidato cha sita na kwa darasa la saba, wenye mitihani. Wale wadogo walirudi Juni, wakamalizia mwaka, wakasogezwa la kwanza. Wengi wao walisoma darasa la kwanza na la pili kwenye vyumba vilivyojaa, wakiwa wamekosa zaidi ya miezi mitatu ya mwaka uliokusudiwa kuwaandaa.

Wako pia waliochelewa kurudi kwa sababu nyingine. Kwa miaka mingi binti aliyepata ujauzito alifutwa kwenye daftari la mahudhurio na habari zake zikaishia hapo. Novemba 24, 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatiza masomo, ikiwemo kwa ujauzito, anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa urejeo mkubwa kuliko wote wa kipindi kile, mkubwa kuliko kufunguliwa kwa milango Juni 29. Lakini tangazo la waziri halimfikishi binti darasani. Anahitaji bibi au shangazi wa kubaki na mtoto, mwalimu wa malezi asiyemsema mbele ya wenzake, na mkuu wa shule anayempokea bila kuzungushana. Shule zenye watu hao zimewapata mabinti wao. Kwingine tangazo hilo limebaki kwenye faili.

Tulirudi kwenye nini?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema shule zetu zilirudi katika hali ya kawaida na mambo yakaisha. Hali tuliyoirudia ilikuwa ya msongamano. Kiwango kinachotajwa katika miongozo yetu miaka yote ni wanafunzi 45 kwa chumba cha shule ya msingi na 40 kwa sekondari. Mzazi wa Mbagala, wa Nyamagana au wa kijiji chochote kikubwa cha Geita anajua chumba cha mwanawe kina wangapi. Shule nyingi za mijini zilikuwa, na baadhi bado ziko, katika zamu mbili: kundi moja asubuhi, jingine mchana, na madaftari ya makundi yote mawili mezani kwa mwalimu yuleyule.

Fedha zilizokuja baada ya corona ziligusa jambo hili moja kwa moja. Oktoba 10, 2021 Rais Samia alizindua mpango wa matumizi ya mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikaenda kujenga vyumba 15,000 vya madarasa: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Kila chumba kilitengewa Sh20 milioni, pamoja na samani. Vilijengwa kwa kutumia mafundi wa hapohapo na kamati za ujenzi za shule, na walimu waliosomea Historia na Baiolojia wakajikuta wanahesabu mifuko ya saruji na kusaini hati za kupokea mabati. Matokeo yake yalionekana Januari 2022: wanafunzi 907,802 waliofaulu darasa la saba walichaguliwa kuingia kidato cha kwanza kwa awamu moja. Hakuna aliyebaki nyumbani hadi Machi akisubiri chaguo la pili kwa sababu ya upungufu wa madarasa. Watu waliyaita madarasa ya UVIKO, na wanastahili pongezi waliojenga, mpaka kina mama waliobeba maji ya kuchanganyia zege.

Mwaka uliofuata waliofaulu walikuwa 1,073,402. Ongezeko hilo la zaidi ya 165,000 liliwashtua wengi, na halikupaswa kumshtua mtu. Ada na michango ya lazima iliondolewa kuanzia Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015. Walioingia darasa la kwanza mwaka huo, vyumba vikafurika mpaka wengine wakaketi chini, ndio waliofanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2022. Serikali ilijenga vyumba vingine 8,000 kwa Sh160 bilioni kuwapokea. Mwaka huu wa 2026 watoto hao wako kidato cha nne.

Mawimbi haya hutoa taarifa ya miaka sita au saba kabla hayajafika. Ndiyo maana naona uchungu tukizungumza habari ya wingi wa wanafunzi kila Desemba, kana kwamba watoto wamezaliwa mwezi uliopita.

Wimbi la 2002 lilipofika kidato cha nne

Msomaji aliyezidi miaka 35 atayakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Watahiniwa zaidi ya 240,000, takribani sita kati ya kila kumi, walipata daraja sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume, na miezi michache baadaye matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Tulibishana kuhusu mtihani, alama na walimu wasiopenda kazi.

Wachache walifanya hesabu ya kalenda. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulianza mwaka 2002, ada zikiwa zimeondolewa, na darasa la kwanza la mwaka huo likawa kubwa ajabu. Watoto hao walimaliza la saba mwaka 2008, wakaingia kidato cha kwanza 2009, na wakafika kidato cha nne mwaka 2012. Kizazi cha kwanza cha MMEM ndicho kilichoandika mtihani ule.

Katikati ya safari yao taifa lilikuwa limefanya jambo kubwa: shule za kata. Wananchi walichanga, wakafyatua matofali, wakapandisha maboma, na idadi ya shule za sekondari ikazidi maradufu ndani ya miaka michache. Sitaki kuidharau kazi ile. Maelfu ya watoto wa wakulima waliosoma wamesoma kwa sababu yake. Lakini kuta zilitangulia na walimu wakachelewa. Kulikuwa na shule zenye walimu wawili au watatu kwa vidato vinne, zisizo na mwalimu hata mmoja wa Hisabati, zenye chumba kilichoandikwa "Maabara" ambacho ndani mlikuwa na majembe na madawati mabovu. Mtoto akikaa miaka minne katika shule ya namna hiyo, sifuri yake si yake peke yake.

Na haikuwa mara ya kwanza. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Elimu ya Msingi kwa Wote, UPE, iliingiza watoto darasani kwa kasi ambayo vyuo vya ualimu havikuiweza. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakafundishwa ualimu kazini, kwa redio na kwa posta, huku wakisimama mbele ya darasa. Wengi wao walifanya kazi kwa moyo wa ajabu, na wapo waliostaafu wakiwa walimu wakuu wanaoheshimiwa. Hata hivyo jina "mwalimu wa UPE" liligeuka kuwa kejeli, jambo ambalo ni dhuluma kwao. Walitumwa bila kuandaliwa.

Mara zote hizo tulijenga kwanza na kutafuta walimu baadaye. Tukirudia hivyo mwaka 2028, matokeo yake yatapimwa mwaka 2031, wimbi hili litakapofanya mtihani wa kidato cha nne.

Hesabu ya kata moja

Chukua kata ya mfano, yenye shule tatu za msingi na sekondari moja. Kila shule ya msingi ina watoto 90 wanaomaliza la saba mwaka 2027 na 90 wanaomaliza la sita. Katika mwaka wa kawaida, na wote wakiendelea, sekondari ingepokea 270. Januari 2028 itapokea 540, kwa kuwa elimu ya lazima sasa ni miaka 10 na mtoto wa la sita hakusudiwi kuishia hapo. Kwa wanafunzi 40 kwa chumba, badala ya vyumba saba vya kidato cha kwanza vitahitajika 14. Kwa bei ileile ya madarasa ya UVIKO, vyumba saba vya ziada ni Sh140 milioni, kabla ya vyoo. Kiwango cha vyoo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, kwa hiyo kata hiyo inahitaji matundu mapya yapatayo 13. Tundu la choo halina uzinduzi wala utepe wa kukatwa, kwa hiyo ndilo linalosahauliwa, na anayelilipia ni binti anayekaa nyumbani siku nne au tano kila mwezi.

Sasa geukia upande wa pili, ambao sijausikia ukisemwa kwenye mikutano ya wazazi. Januari hiyohiyo, darasa la saba litakuwa halipo tena. Kila shule ya msingi ya kata yetu itabaki na vyumba viwili vitupu. Shule tatu, vyumba sita. Upungufu wa sekondari ni vyumba saba. Sehemu kubwa ya jibu imesimama tayari, imeezekwa, ina ubao.

Vyumba hivyo visigawiwe kwa pupa. Palipo na shule ya msingi jirani kabisa na sekondari, naona ni busara kuvitumia kwa mikondo ya kidato cha kwanza ya mwaka huo, walimu wakivuka uwanja. Palipo mbali, au palipo na zamu mbili, vipewe awali na madarasa ya chini, ili walau kizazi kinachofuata kianze tofauti na walivyoanza wale wa 2020. Kinachotakiwa ni uamuzi wa mapema, na usibadilishwe katikati. Kenya inatufundisha hapo: ilijenga madarasa kwa mpango wa vyumba 10,000, mengi yakiwa kwenye shule za sekondari, kwa ajili ya wanafunzi wa gredi ya saba, kisha Desemba 2022 ikaamuliwa wanafunzi hao wabaki kwenye shule za msingi.

Walimu nao wanaweza kutafutwa kwa jicho hilohilo. Katika miaka ya 2017 na 2018 Serikali ilihamishia shule za msingi walimu wa sekondari wa masomo ya sanaa waliokuwa wa ziada. Wapo pia walimu wa msingi waliojiendeleza hadi shahada, wengi kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa fedha zao na kwa likizo zao. Darasa la saba likiondoka, baadhi yao wanaweza kurudi sekondari kufundisha Kiswahili, Historia na Jiografia. Hisabati, Fizikia na Kemia ni habari nyingine. Walimu wa masomo hayo lazima waajiriwe wapya, na ajira moja hupita katika kibali, usaili na upangaji wa vituo. Ikianza mwishoni mwa 2027 itakuwa imechelewa.

Halafu kuna lugha. Mtoto wa la sita wa 2027 atakuwa amesoma Kiingereza kama somo kwa miaka minne, tangu la tatu. Mwenzake wa la saba ana mitano. Wote wataketi dawati moja na kufundishwa masomo mengi kwa Kiingereza. Majuma ya mwanzo ya kidato cha kwanza, ambayo shule nyingi huyatumia kwa kozi ya kuingilia lugha, yatahitaji muda mrefu zaidi na mwalimu aliyebobea. Mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, nao unadai karakana, vyerehani, vifaa vya umeme na mtu anayejua kuvitumia. Jengo likiwa na kibao cha karakana na ndani hamna kitu, tutakuwa tumerudia maabara za majembe.

Meza ya kukalia ipo

Tatizo ambalo fedha haziliondoi ni kwamba shule ya msingi ina kamati yake, sekondari ina bodi yake, na katika halmashauri kila moja iko chini ya ofisa elimu wake. Mtoto anapohama kutoka moja kwenda nyingine anatoka mikononi mwa ofisi moja kabla nyingine haijamshika. Wimbi la 2028 linapita katikati ya ofisi hizo mbili.

Ila meza wanayoweza kukutana ipo. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, ina nafasi ya kuwaita walimu wakuu wote, mkuu wa shule ya sekondari, ofisa elimu kata na wenyeviti wa mitaa au vijiji. Wakikaa siku moja na madaftari ya mahudhurio ya darasa la tano na la sita ya mwaka huu, watakuwa na namba yao kamili kabla jua halijazama. Namba hiyo ikifika halmashauri mapema inaingia kwenye bajeti. Ikichelewa, inabaki malalamiko. Na muda wenyewe ni mfinyu: bajeti ya 2027/28 itaanza kutumika Julai 1, 2027, miezi sita tu kabla ya kengele ya kwanza. Msingi, jamvi na renta vinatakiwa viwe vimeshapita kwa fedha za 2026/27, ikiwemo michango ya wananchi pale walipokubaliana kwa hiari.

Najua wazazi wamechoka na neno mchango. Elimu bila ada iliwaondolea mzigo, na ruzuku ya uendeshaji ni Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na Sh25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, fedha ambazo hazijengi. Kujenga shule ni wajibu wa Serikali kwanza. Lakini hata pale mzazi asipotoa shilingi, ana haki ya kuuliza, na swali lililoulizwa mkutanoni na kuandikwa kwenye muhtasari lina nguvu kuliko manung'uniko ya kijiweni.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2021 au 2022, nenda kwenye mkutano ujao wa wazazi. Uliza sekondari ya kata yenu itapokea wangapi Januari 2028, ina vyumba vingapi, ina matundu mangapi ya choo, na ina walimu wangapi wa Hisabati na sayansi. Ukiambiwa takwimu bado hazijakusanywa, omba mkutano upange tarehe ya kuzileta, na tarehe hiyo iandikwe kabla hamjaagana.